Ufizi Uliokithiri: Uhakiki wa Istilahi za Ugonjwa wa Kinywa cha Mtoto

Mfasiri wa maandishi ya afya akipewa maneno ya kitaalamu yanayoeleza hali ya ufizi wa mtoto kukua hata ukafunika meno, kwa sababu ya hitilafu ya jeni isiyo ya kawaida, aghalabu huandika hivi: "uvimbe wa ufizi kwa watoto wenye magonjwa adimu ya kurithi". Sentensi hiyo haina kosa la sarufi, na mwalimu wa lugha akiipitia hataona pa kuweka alama nyekundu. Hata hivyo tunadai kwamba maneno yake mawili makuu, yaani uvimbe na kurithi, yanampotosha msomaji, na kwamba mtu anayedhurika kwa upotofu huo si msomaji mwenyewe bali ni mtoto aliyekusudiwa kusaidiwa.

Kipimo tutakachokitumia katika makala haya ni masikio ya mzazi wa Mzenga. Mzenga ni kata ya Wilaya ya Kisarawe, katika Mkoa wa Pwani, nayo ina steshini yake katika reli ya TAZARA. Mtoto wa huko akiugua ugonjwa usioeleweka, safari yake huanzia kwenye zahanati, huweza kuendelea hadi hospitali ya wilaya Kisarawe au Tumbi kule Kibaha, na pengine ikaishia Muhimbili. Katika kila kituo cha safari hiyo yupo mtaalamu aliyefundishwa kwa Kiingereza ambaye hana budi kumweleza mzazi kwa Kiswahili. Kwa hiyo kila kituo ni mahali pa kufasiri, ijapokuwa hakuna aliyeajiriwa hapo kwa cheo cha mfasiri. Shirika la Elimu Kibaha, ambalo chimbuko lake ni kituo kilichoanzishwa mwaka 1963 kwa msaada wa nchi za Nordiki, lina chuo kinachofundisha matabibu. Tabibu anayehitimu na kupangiwa zahanati ya kijiji huenda na maarifa aliyoyapata kwa Kiingereza na Kiswahili alichokulia nacho. Istilahi za kuunganisha viwili hivyo ndizo tunazopaswa kumpa sisi. Mzazi tutakayemtaja si mtu tunayemjua. Tumemweka kama wanahisabati wanavyoweka herufi mahali pa namba.

Kwanza yafaa tueleze jambo lenyewe. Wapo watoto ambao ufizi wao, tangu meno ya utotoni yanapoanza kuota au baadaye kidogo, hukua bila kukoma. Nyama ya ufizi huwa nene na ngumu, rangi yake haina tofauti kubwa na ya ufizi wenye afya, haitoki damu kwa urahisi, na mwanzoni haiumi. Hupanda juu ya meno, huyasukuma yakakaa upande, au huyazuia yasitokeze kabisa, hata mama akadhani mwanawe hana meno, kumbe meno yamo ndani. Kutafuna huwa taabu, na matamshi hupotoka. Mara nyingine hali hiyo huja peke yake na hufuata ukoo. Mwaka 2002 watafiti waliripoti badiliko la jeni iitwayo SOS1 katika ukoo mmoja wa Brazil. Mara nyingine ni dalili mojawapo miongoni mwa nyingi. Katika sindromu ya Zimmermann na Laband, iliyopata jina lake kutokana na maandishi ya mwaka 1928 na ya mwaka 1964, mtoto huwa pia na kucha ndogo au asiwe nazo kabisa, pua na masikio manene, nywele nyingi mwilini, na baadhi yao huwa na kifafa na uzito wa kujifunza. Iko nyingine, inayotokana na jeni ya FAM20A, ambayo huunganisha ufizi uliozidi, meno yenye gamba jembamba mno, na chokaa inayojikusanya katika figo. Ziko na zingine ambazo hatutazitaja hapa, kwa kuwa hizi mbili zinatosha kwa hoja yetu.

Sasa tulitazame neno uvimbe. Katika Kiswahili, shavu lenye jino bovu huvimba, mguu uliotegukia shimoni huvimba, tumbo lililojaa maji huvimba. Waganga wa hospitali nao wamelichukua neno hilo wakalitumia kwa mambo mawili zaidi: hali ya sehemu ya mwili kuwa nyekundu, ya moto na yenye maumivu kwa sababu ya vijidudu au jeraha, na donge linaloota ndani ya mwili, liwe la saratani au lisiwe. Neno moja, basi, limebebeshwa mizigo minne au mitano. Mtu wa kawaida haoni tabu yoyote, kwa kuwa hali ya mazungumzo humsaidia kutambua. Lakini kinywa cha mtoto ndipo mahali ambapo mizigo hiyo yote huweza kukutana.

Mwaka 1958 daktari Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliandika juu ya saratani ya taya aliyoiona kwa watoto wa Uganda. Saratani hiyo hupatikana katika sehemu za joto zenye malaria nyingi katika Afrika ya Mashariki, na huweza kujionyesha kwa meno kulegea na ufizi kutuna. Hukua kwa kasi ya kutisha, kila siku inayopotea ni hasara, tena huitikia dawa vizuri ikiwahiwa. Huo ni uvimbe kwa maana iliyo kamili. Ufizi wenye ukoga uliogandamana hutuna pia, ukawa mwekundu na kutoka damu, na dawa yake ni usafi na kukwanguliwa meno. Huo nao watu huuita uvimbe. Ama ufizi wa mtoto mwenye hitilafu ya jeni hukua polepole kwa miaka, haukimbizi mtu hospitali usiku, wala hauponi kwa mswaki peke yake. Watoto watatu, hatari tatu zilizo mbali mbali kabisa, na kadi zao za kliniki zimeandikwa neno lile lile. Mzazi wa Mzenga akiambiwa "uvimbe", atauliza dawa ya kuupunguza, kwa kuwa kilichovimba kwa desturi hunywea. Atapewa maji ya chumvi ya kusukutulia, pengine na dawa ya kuua vijidudu. Siku kumi zikipita bila badiliko ataona hospitali imeshindwa, na atatafuta pengine. Hatuwezi kumlaumu, maana jina alilopewa ndilo lililomwahidi kupona haraka.

Wapo waliokwisha kuona kasoro hii wakajaribu kuepa neno uvimbe kwa kuandika "uchochezi wa ufizi". Tunawapongeza kwa kuona tatizo, lakini hatuwezi kuwafuata. Kwanza uchochezi wanaoukusudia ni ile hali ya wekundu na maumivu, ambayo siyo tunayoijadili. Pili, watumishi wa serikali wanalijua neno hilo kutoka mahali pengine, na karani akisoma katika faili kwamba mtoto wa miaka mitatu amepatikana na uchochezi atakuwa na haki ya kuuliza mashtaka yalifunguliwa lini.

Yafaa ikumbukwe kwamba hata lugha za kitaalamu za Ulaya zilitangatanga hapa. Katika maandishi ya zamani ugonjwa huu uliwahi kuitwa kwa jina lile lile wanaloliita matende, kwa kuwa waliona unene wake wakakumbuka ngozi ya tembo. Mfasiri mwaminifu akikutana na jina hilo la zamani atashawishika kuandika "matende ya ufizi". Tunamwomba asithubutu. Huko Ulaya neno hilo lilikuwa mfano tu, lakini Pwani matende ni ugonjwa ambao watu wanaujua kwa macho, unaoletwa na minyoo midogo inayoenezwa na mbu, na ambao dawa zake hugawiwa kijiji kizima kwa mpigo. Mzazi wa Kisarawe akiambiwa matende ya ufizi atauliza kwa nini vidonge vya ugawaji havikumkinga mwanawe, na jirani zake watajiuliza kama mbu wa nyumba ile wana jambo. Huu ni mfano mzuri wa neno lililo sitiari katika lugha moja likageuka kuwa habari ya kweli katika lugha nyingine.

Baada ya hapo wataalamu walitumia majina yenye kueleza kinachotokea ndani ya nyama: mara ni wingi wa seli, mara ni ukubwa wa seli. Wafasiri wetu walifuata, na ndiyo maana zinaonekana tafsiri kama "ongezeko la seli za ufizi", au maneno yenyewe yameandikwa kwa tahajia ya Kiswahili, haipaplasia na haipatrofia. Uchunguzi wa baadaye ulionyesha kuwa kinachojaza ufizi aghalabu ni nyuzinyuzi zinazojikusanya kati ya seli zaidi kuliko seli zenyewe, na wataalamu wengi wakarudi kwenye jina la kawaida linalosema tu kwamba ufizi umekua kupita kiasi chake. Fundisho la jambo hili kwa waunda istilahi ni la manufaa makubwa. Jina linalodai kujua sababu huchakaa sababu inapobadilika; jina linalosema kinachoonekana hudumu.

Hoja hii inatiwa nguvu na dawa ya kifafa iitwayo fenitoini. Dawa hiyo ilianza kutumika mwaka 1938, na mwaka uliofuata tu iliripotiwa kwamba ufizi wa baadhi ya wanaoitumia hukua. Hutajwa kwamba karibu nusu ya wanaoitumia hupatwa na hali hiyo kwa kiasi fulani. Sasa mfikirie mtoto mwenye sindromu ya Zimmermann na Laband ambaye ana kifafa pia, naye amepewa fenitoini. Ufizi wake umezidi kwa jeni au kwa dawa? Na kwa kuwa kusugua meno yaliyofunikwa ni kazi ngumu, ukoga nao umejaa. Je, ni kwa ukoga? Huenda ni kwa vyote vitatu. Daktari wa meno wa Muhimbili, ambako mafunzo ya udaktari wa meno yalianza mwaka 1979, atahitaji muda kuvitenga. Tabibu wa zahanati hawezi kuvitenga siku ya kwanza, wala hapaswi kulazimishwa na istilahi kuchagua. Anahitaji neno la kuandika alichokiona, kisha sababu ifuate itakapojulikana.

Tuliyapima maneno kadhaa. Kuumuka tulikuta kunasikika vizuri, lakini kilichoumuka ni unga wenye hamira, nao hushuka. Kunenepa kulikataliwa mara moja. Katika kliniki ya watoto hiyo ni habari njema. Watu wengi husema "nyama imeota", kama wanavyosema juu ya nyama za puani, na usemi huo una nguvu ya kueleweka pasipo mkalimani. Ubaya wake ni kwamba unafanya ionekane kuna kitu kigeni kilichoota juu ya ufizi, kitu cha kung'olewa na kutupwa, ilhali kilichozidi ni ufizi wenyewe. Tofauti hii si ya kichuoni. Daktari hupunguza ufizi huo kwa kuukata, na kwa watoto wengi huweza kukua tena, hasa wangali wanakua. Mzazi aliyeambiwa kwamba nyama iliyoota imeondolewa ataona, ikirudi, kwamba kazi haikufanywa vizuri au mizizi iliachwa makusudi. Mzazi aliyeambiwa kwamba ufizi unazidi kiasi chake atajua kwamba kinachokua kinaweza kukua tena, naye atamrudisha mtoto kwa daktari yule yule.

Pendekezo letu ni kukithiri kwa ufizi. Kukithiri ni kuzidi kiasi. Hakusemi moto wala usaha wala donge, na hakutaji sababu. Kitenzi hiki kinajulikana kwa wasomi na wasio wasomi, na kinanyumbulika bila kuhitaji kubuni nomino mpya: ufizi umekithiri, ufizi uliokithiri, kukithiri kwa ufizi kutokana na dawa, kukithiri kwa ufizi kutokana na badiliko la jeni, kukithiri kwa ufizi kutokana na ukoga. Anayetaka neno jepesi zaidi kwa mazungumzo na aseme ufizi umezidi. Neno uvimbe libaki kwa donge, na pale linapotumiwa kwa wekundu na maumivu liambatane na maelezo yake.

Huenda msomaji akauliza kama kweli jina la kitu kinywani mwa mtoto linaweza kumdhuru. Jibu tunalo hapa hapa nchini. Tangu miaka ya 1980 ilienea Tanzania imani kwamba watoto wachanga huota "meno ya nailoni", au kama wengine walivyoita, "meno ya plastiki". Kinachoitwa hivyo ni chonge za utotoni ambazo hazijatokeza, zinazouinua ufizi kidogo kwa mtoto wa miezi kadhaa. Mtoto akiharisha, akipata homa au kutapika, kituta kile kilishtakiwa kuwa ndicho chanzo, na mafundi wa kienyeji wakaupasua ufizi kwa chombo kisichochemshwa na kuichimbua chonge changa, au wakausugua kwa dawa za miti. Wataalamu wa Tanzania waliandika juu ya jambo hilo. Uchunguzi wa Kikwilu na Hiza uliotolewa mwaka 1997 ni mmojawapo. Watoto walitoka damu nyingi, wakapata pepopunda na maambukizo mengine, na waliopona waliweza kuja kuota meno ya ukubwani yenye kasoro, na kuhara kwenyewe, ambako ndiko kulikokuwa kukiua, kukaachwa bila tiba. Waganda wana imani kama hiyo na huyaita meno hayo ebiino. Hatusemi kwamba jina peke yake lilileta balaa hilo, kwa sababu hofu ya kufiwa na mtoto ilikuwapo. Lakini tunaomba litazamwe jina lenyewe: nailoni na plastiki ni vitu vya dukani, vitu visivyo vya mwili. Kitu kikishaitwa plastiki hakuna mama atakayekiacha ndani ya mwanawe. Jina lilikwisha kutoa hukumu kabla fundi hajashika kisu.

Liko na neno la kale zaidi. Mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu anaitwa kigego, na katika desturi za zamani za makabila kadhaa ya pwani na bara kigego alihesabiwa kuwa mkosi. Walikuwako waliotupwa na waliouawa. Siku hizi neno hilo hutumiwa zaidi kwa kumkemea mtu mwenye kisirani, lakini bibi zetu hawajalisahau. Sasa, ufizi uliokithiri huchelewesha meno na kuvuruga zamu yake ya kutokeza. Likitangulia la juu kwa kuwa la chini limezibwa, mtoto yule yule mgonjwa ataitwa kigego. Mfasiri anayedhani anaandika juu ya karatasi tupu na ajue kwamba kinywa cha mtoto, katika lugha yetu, kilikwisha kuandikwa.

Tuje kwenye neno kurithi, ambalo kwa maoni yetu ndilo lenye hatari kubwa kuliko yote. Maneno "magonjwa ya kurithi" yametumika kwa muda mrefu kueleza kila ugonjwa unaotokana na jeni. Kwa ugonjwa unaofuata ukoo, kutoka kwa mzazi mgonjwa hadi kwa mtoto mgonjwa, neno hilo halina ubaya. Lakini sindromu ya Zimmermann na Laband kwa wagonjwa wengi haikurithiwa kwa yeyote. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwamba kwa baadhi ya wagonjwa hutokana na badiliko katika jeni iitwayo KCNH1, badiliko jipya ambalo wazazi hawanalo. Kumwita mtoto huyo mgonjwa wa kurithi ni kusema uongo kwa Kiswahili fasaha. Na uongo huo hauishii zahanati. Ukifika nyumbani swali la kwanza ni "Amerithi kwa nani?" Upande wa mume utasema kwetu hakuna, upande wa mke utasema hivyo hivyo, na anayeshindwa kesi za namna hii kwa kawaida ni yule aliyembeba mtoto tumboni. Tena katika mazoea yetu haurithiwi mali tu. Hurithiwa uganga, hurithiwa mizimu ya ukoo, na ugonjwa ukishaitwa wa kurithi ni rahisi wazee kuona kwamba kinachotakiwa ni tambiko, wala si daktari wa meno.

Upo na ugonjwa wa namna ya tatu, kama ule wa FAM20A wenye kudhuru figo, ambao wazazi wote wawili ni wazima na kila mmoja ana nakala moja yenye kasoro bila kujua. Kwao, katika kila mimba, kuna nafasi moja kati ya nne ya mtoto kuzaliwa na ugonjwa. Hapa hatuhitaji kuanza upya, kwa kuwa Kiswahili kimekwisha kufanikiwa mara moja. Neno selimundu, lililoundwa kwa seli na mundu, limekubalika. Linaonyesha umbo la chembe ya damu kwa chombo ambacho kila mkulima amekishika, na halimshtaki mtu. Wazazi wengi wamekwisha kuelezwa kwa njia ya selimundu kwamba baba na mama wazima wanaweza kupata mtoto mgonjwa. Tabibu na aseme, "ni kama selimundu, wazazi wote wawili wamechangia bila wao kujua", na nusu ya somo itakuwa imefundishwa.

Kwa hiyo tunapendekeza ugonjwa wa jeni liwe jina la jumla, na ndani yake tutenge ugonjwa wa jeni wa kurithi na ugonjwa wa jeni wa badiliko jipya. Wapo watakaopenda kinasaba badala ya jeni. Ni neno zuri, lakini nasaba ni ukoo, nalo linaturudisha kule kule kwa nani amerithi kwa nani. Isitoshe, vinasaba limekwisha kuzoeleka kwa vipimo vya kutambua watu, na kuna sheria ya mwaka 2009 inayosimamia mambo ya vinasaba vya binadamu. Tuliache lifanye kazi hiyo.

Kuhusu adimu hatuna mengi. Wenye umri wetu wanalikumbuka neno hilo kutoka foleni za sukari na sabuni za mwanzoni mwa miaka ya 1980, ambapo kitu adimu kilikuwa kitu cha kugombewa, na tungependelea nadra. Lakini magonjwa adimu limekwisha kuenea kila inapoadhimishwa Siku ya Magonjwa Adimu mwishoni mwa Februari, na hatuoni faida ya kupigana na neno lisilomdhuru mtu.

Sindromu ni jambo jingine. Neno hilo halikupata mahali hata katika UKIMWI, ambamo upungufu, kinga na mwili vyote vimo ila sindromu iliachwa njiani, na hakuna aliyeona pengo. Je, tuiache na hapa? Hapana. Katika ugonjwa wa FAM20A, mtu akiandika "kukithiri kwa ufizi" bila zaidi, daktari atautibu ufizi na figo zitasahauliwa. Neno sindromu linamwambia msomaji kwamba dalili hii haikuja peke yake, atazame na kucha, na figo, na macho. Kwa vitabu na ripoti tunakubali sindromu kwa tahajia hiyo. Kwa mzazi inatosha kusema "dalili zinazoandamana". Majina ya wagunduzi kama Zimmermann na Laband yaachwe yalivyo. Hayamwelezi mzazi lolote, lakini hayamtishi wala kumlaumu, na yanamwezesha daktari wa mji mwingine kujua kinachozungumzwa.

Mpinzani wetu anaweza kutukumbusha pepopunda. Neno hilo lina pepo ndani yake, na bado akina mama hupeleka watoto wakachanjwe pasipo kumtafuta mpunga pepo. Basi, atasema, watu huzoea. Jina baya husafishika kwa matumizi. Hoja hii ni nzito na hatuipuuzi. Lakini pepopunda lilisafishwa na miaka mingi ya chanjo, mabango, redio na mafunzo ya wajawazito. Kampeni kama ile ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ziliweka maelezo mazima nyuma ya kila jina la ugonjwa lililotajwa. Ugonjwa unaompata mtoto mmoja katika watu wengi mno hautapata kampeni, bango wala kipindi cha redio. Mzazi wa Mzenga atalisikia jina lake mara moja, kutoka kwa mtu mmoja, akiwa amesimama dirishani na wenzake wakingoja nyuma yake. Jina hilo litalazimika kufanya kazi yote peke yake.

Limebaki jambo dogo la sarufi, ambalo walimu wametuuliza. Kamusi zinatupa ufizi na sine. Tumechagua ufizi kwa kuwa ndilo linalotumika zaidi katika maandishi ya afya. Umoja utumike kwa nyama yenyewe na kwa upande mmoja wa taya, na fizi kwa pande zote mbili. "Fizi yake" na "mafizi" tusiyaandike. Hivyo tabibu anaweza kujaza kadi kwa maneno haya, na anayempokea mtoto Tumbi au Muhimbili akamwelewa: "Ufizi wa juu umekithiri, umefunika meno manne ya mbele. Mgumu, hautoki damu. Kucha za vidole gumba hazipo. Hatumii dawa ya kifafa. Wazazi hawana hali hii. Figo zipimwe."